Kaunti iliyohamwa na jimbo lake

Nilikuwa nimeinamia meza ya mama mmoja wa Kizungu kule Canton, ule mnada mkubwa wa kila mwezi mashariki ya Dallas, natafuta spana zangu, ndo nikaona kijitabu cha rangi ya damu ya mzee. Juu kimeandikwa TEXAS kwa herufi za dhahabu zilizoanza kufutika. Nikadhani ni daftari. Nikafungua, kikaanza kukunjuka, mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, karatasi nyembamba kama ya kusokotea sigara, ikaendelea tu mpaka ikafunika spana na vijiko na sahani zote za yule mama, naye akawa ananiambia taratibu, taratibu, utaichana.

Kumbe ilishachanika zamani.

Ilikuwa ramani ya mfukoni, zile walizokuwa wanachapa karne ya kumi na tisa, unaikunja unaitia kwenye koti unapanda treni kwenda kutafuta shamba. Alitaka dola 60, tukaishia 40. Spana sikununua.

Kona ya chini ambayo kwa kawaida ndo ina mwaka na jina la mchapishaji, imeliwa. Limebaki neno moja, Chicago.

Sasa mi ni mtu wa malori, mambo ya kale siyajui, nilitakiwa niitundike ukutani nisonge mbele. Ila ile kona iliyoliwa ilinikaa kichwani wiki sita nzima, kila nikilala kwenye lori naiwaza. Ya mwaka gani hii?

## Kuangalia meno

Baba yangu alikuwa akienda mnadani kununua ng'ombe hasikilizi maneno ya muuzaji. Anafungua mdomo wa ng'ombe, anaangalia meno, basi, umri ameshaujua. Nikajiambia ramani nayo lazima ina meno.

Meno yake ni kaunti. Ukiendesha lori Texas unazijua kaunti kama konda anavyovijua vituo, kila baada ya dakika ishirini au thelathini kibao cha kijani kinakupita, umeingia kaunti nyingine. Barabara ya 287 kutoka Fort Worth kwenda Amarillo nazitaja bila kuangalia: Wise, Montague, Clay, Wichita, Wilbarger, Hardeman, Childress, Hall, Donley, Armstrong. Leo ziko 254. Ila hazikuzaliwa siku moja, jimbo lilipojiunga na Marekani mwishoni mwa 1845 zilikuwa 36 tu, na zilivyozaliwa zimeandikwa moja moja na tarehe zake, kwa hiyo ukijua ipi ipo na ipi haipo unamjua ng'ombe wako.

Nyingine zinachekesha. Kuna kaunti ya Cass huku kaskazini mashariki, iliitwa hivyo kwa jina la mwanasiasa wa kaskazini, vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipokuja 1861 wakakasirika wakaibadilisha ikawa Davis, jina la rais wa majimbo ya kusini yaliyoasi, halafu 1871 wakairudisha ikawa Cass. Ukikuta ramani ina Davis pale, huhitaji kona.

Yangu ina Cass. Kwa hiyo kabla ya 1861 au kuanzia 1871.

Nikaangalia juu, ule mpini wanaouita Panhandle. Umejaa viboksi, vimepangwa kama trei ya mayai, kila kiboksi na jina lake. Hivi vilichorwa na bunge la jimbo Agosti 1876, kaunti 54 kwa mpigo. Sawa, baada ya 1876. Reli ya kwenda El Paso imekamilika, na reli mbili zilikutana Sierra Blanca mwezi Desemba 1881. Tunasogea. Kaunti ya Reeves ipo, hiyo ni ya 1883. Val Verde haipo, hiyo ni ya 1885. Na kule kusini magharibi Presidio imekaa peke yake, imejinyoosha kama mzee aliyelalia benchi lote la stendi, bado hawajaikatakata.

1883 au 1884. Nilipiga meza saa tano usiku kwenye kituo cha malori, jamaa wa lori la pembeni akanichungulia.

Ilitakiwa iishie hapo.

## Greer ni nini?

Upande wa kulia wa Panhandle, kaskazini ya Red River, kuna kaunti moja kubwa imepakwa rangi ya waridi kama zenzake. GREER. Ndani yake hamna mji hata mmoja, ni vijito tu.

Mi barabara ile napita kila wiki na kibao cha Greer sijawahi kukiona.

Wazo la kwanza nikasema wamekosea. Wazo la pili nikasema labda imebadilishwa jina. Nikafungua simu nikaweka ramani ya leo pembeni ya ile ya karatasi, nikafuata mto kwa kidole, na kidole kikatoka nje ya Texas. Greer iko Oklahoma. Yaani sehemu nzima, ekari milioni moja na nusu hivi, imetoka.

Kisa chenyewe kinaanzia kwenye ramani nyingine. Mwaka 1819 Marekani na Hispania walifunga mkataba wa mpaka, na mkataba ukasema mpaka utafuata Red River kwenda magharibi mpaka mstari wa longitudo 100, kisha utapanda kaskazini. Ramani waliyoitegemea ilikuwa ya John Melish wa Philadelphia, ya 1818, na Melish alikuwa ameuweka ule mstari mashariki mno, makumi ya maili kutoka mahali pake. Halafu, na hili ndo kubwa, waliokaa mezani hawakujua kwamba ule mto ukipanda nao unagawanyika mara mbili, una tawi la kaskazini na tawi la kusini. Red River ni ipi sasa?

Texas ikasema la kaskazini. Serikali ya Washington ikasema la kusini. Katikati ndo Greer.

Texas haikusubiri. Iliunda kaunti kwenye makaratasi 1860, watu wakaanza kuingia na ng'ombe na majembe, na 1886 ikapata serikali yake kamili, makao makuu mji wa Mangum, hakimu, sherifu, kodi inalipwa Texas. Miaka kumi watu wanaishi hivyo. Machi 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mto wenyewe ni tawi la kusini.

Watu wakaamka wako Oklahoma.

Hakuna aliyefunga mzigo. Ng'ombe walikuwa zizini mwao, kisima palepale, kaburi la mtoto palepale, jimbo ndo limeondoka. Na hati ya shamba uliyopewa na Texas sasa ni karatasi, mwaka uliofuata bunge la Washington likabidi litunge sheria ya kuwapa wale waliokuwa wanakaa pale haki ya kutangulia kuomba ekari 160 kabla ya wengine. Uombe upya shamba unalolilima!

## Nta

Hapo nikaanza kumkasirikia mchapishaji. Kesi inajulikana, wewe unaipaka rangi ya waridi kama vile mambo yamekwisha?

Ila nikasoma kidogo wanavyotengeneza hizi ramani na hasira ikapungua. Zamani walikuwa wanachonga kwenye bamba la shaba moja kwa moja, ukikosea au kaunti ikibadilika inabidi ukwangue, uligonge bamba kwa nyundo kutoka nyuma lirudi sawa, uchonge tena, ni kazi ya siku. Chicago wakawa na njia nyingine, kampuni ya Rand McNally ilianza kuitumia kwenye ramani miaka ya 1870. Unapaka bamba nta nyembamba, unachora mistari kwa kuikwangua nta, majina hauchongi kwa mkono, unayabonyeza kwa herufi za chuma moja moja, halafu bamba linatumbukizwa kwenye bafu la umeme shaba inajijenga juu ya ile nta, ukiitoa unayo bamba jipya la kuchapia. Ndo maana ukiiangalia ramani yangu kwa lenzi majina yote yamenyooka, herufi zinafanana kama za gazeti, na yamebanana mpaka hayapumui. Unaona kabisa pale mtu alipopachika jina la kituo cha reli kwa nguvu, herufi ya mwisho imepanda juu ya mto.

Kusahihisha kukawa rahisi, na kuuza kukawa haraka. Na wateja walikuwepo. Texas mwaka 1870 ilikuwa na watu 818,579, miaka kumi baadaye 1,591,749. Wengi wanakuja kutafuta ardhi, na mtu anayetafuta ardhi haendi kununua ramani iliyoandikwa "subirini mahakama". Anataka rangi. Kwa hiyo mchapishaji anabahatisha, akikosea mwakani atatoa nyingine.

Simtetei. Nasema tu hata mimi nikipewa mzigo wenye anwani mbili nachagua moja naondoka.

## Mkoa gani?

Sasa niseme kwa nini Greer ilinikosesha usingizi, maana mjadala wa matawi ya mto peke yake usingeweza.

Nimezaliwa Bariadi. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Mkoa wa Shinyanga, na kwa miaka yote hiyo ndo nilikuwa najaza. 2012 nikiwa nimeshaondoka, ukaanzishwa Mkoa wa Simiyu, Bariadi ikaenda huko, ikawa ndo makao makuu. Safi, mama alifurahi, barabara ikaja. Miaka kadhaa baadaye niko ofisi moja huku, nahitaji karatasi fulani, dada wa dirishani ana fomu mbili mkononi, moja inasema Shinyanga moja inasema Simiyu. Akaniuliza ulizaliwa wapi? Nikasema Bariadi. Akasema Bariadi ya wapi? Nikaanza kumweleza kuhusu mikoa mipya ya Tanzania, foleni nyuma yangu watu wanakohoa. Akaniangalia kwa ile sura ya mtu anayefikiri unambadilishia hadithi.

Faili likarudishwa. Miezi mitatu.

Mi sijahama popote pale, nilitaka kumwambia. Ukitaka kuuliza nani kahama, uliza mkoa.

Kwa hiyo nilivyosoma habari za watu wa Greer nikawaona ndugu zangu kabisa. Nikaandika hata makala hii mara ya kwanza hivyo, ikaishia hapo, tamu, kila mtu angelike. Nikaiweka bila kuituma, sijui kwa nini.

## Arlington

Mpwa wangu anasoma chuo hapa Arlington, maktaba yao ina mkusanyiko wa ramani za zamani, akaniambia mjomba njoo, mtu yeyote anaruhusiwa kuangalia. Nikaenda siku ya mapumziko. Kalamu ya wino unaacha nje, unapewa penseli.

Wakaniletea Texas ya 1836, iliyochorwa na J. H. Young na kuuzwa na Mitchell wa Philadelphia. Hii nayo ni ya kukunja, ila rangi zimepakwa kwa mkono, unaona brashi ilipotetereka. Na hapa hamna viboksi vya kaunti, kuna madoa makubwa ya rangi yenye majina ya watu: Austin, De Witt, Milam. Hao ni empresario, mawakala waliopewa na serikali ya Mexico maeneo ya kuleta walowezi. Sehemu kubwa ya magharibi ni karatasi tupu.

Nilitafuta Brazoria, nikaipata, kusini karibu na bahari. Niliitafuta kwa sababu ya mtu mmoja.

Anaitwa Greenbury Logan. Mweusi, huru, alifika 1831 kwenye koloni la Austin wakati Texas ni Mexico, na kwa sheria ya Mexico akapewa ardhi kama wenzake, robo ya ligi, zaidi ya ekari elfu moja. Vita ya kujitenga ilipokuja akapigana upande wa Texas, akajeruhiwa vibaya kwenye mapigano ya Béxar Desemba 1835. Wakashinda. Miezi michache baadaye wakaandika katiba ya nchi yao mpya, 1836 hiyohiyo ya ramani niliyoishika, na katiba ikasema uraia na ardhi ni kwa wote isipokuwa Waafrika, wazao wa Waafrika, na Wahindi Wekundu. Na Mwafrika huru haruhusiwi kuishi humo moja kwa moja mpaka bunge limpe ruhusa.

Logan alikuwa Brazoria. Hakuhama. Nchi aliyoipigania ndo ilimzunguka ikampita.

Ilibidi aombe ruhusa ya kubaki nyumbani kwake, na 1841 alikuwa bado anaandika barua kwa mbunge, mkono wa vita haufanyi kazi, madeni yanamkaba, anaomba angalau asamehewe kodi ya ile ardhi.

Nikakaa kimya pale na penseli yangu. Mimi na faili langu la miezi mitatu.

## Viboksi 54

Nilirudi kwenye ramani yangu nikiwa na jicho lingine, na safari hii nikaganda kwenye ile trei ya mayai.

Agosti 1876, kaunti 54. Nikajiuliza kwa nini 1876? Ilikuwa inaonekana wazi kabisa na mimi nilishaipita mara mia. Hardeman, kwenye barabara ya 287, kuna mji unaitwa Quanah. Nimeshakula pale. Umeitwa kwa jina la Quanah Parker, mkuu wa Wakomanche, wenyeji wa asili wa nyanda zile, ambaye baada ya vita yao ya mwisho na jeshi la Marekani alijisalimisha Juni 1875, yeye na watu wake, kule Fort Sill, Oklahoma ya leo.

Juni 1875 mpaka Agosti 1876 ni miezi 14.

Miezi 14 kutoka watu wa mwisho kuondolewa mpaka nchi yao kuwa viboksi vyenye majina ya maofisa na wanasiasa, wakati vingi havina hata nyumba moja ya mlowezi. Na miaka saba au minane baadaye viboksi hivyo viko mfukoni kwa mtu anayeshuka kwenye treni Fort Worth, havina doa, anaviona kama vile vilikuwepo tangu dunia iumbwe.

Sasa yale maneno yangu matamu, eti hawakuhama, jimbo ndo liliwahama, yakaanza kunikwama kooni. Maana kabla ya wale wa Mangum kuamka wako Oklahoma, kuna watu pale walihama kwelikweli, kwa kulazimishwa na jeshi. Farasi wao wengi walipigwa risasi, wengine wakauzwa. Wale walowezi ninaowaita ndugu zangu waliingia na karatasi kama hii yangu.

Nilitaka nifute sehemu yote ya Bariadi. Nimeiacha. Ni ya kweli, ila si kisa kilekile, na nilikuwa nimevichanganya kwa sababu vyote viwili vina mstari na fomu.

## Altus

Wiki iliyopita dispacha akanipa mzigo wa kwenda Altus. Nikauliza Altus, Oklahoma? Akasema kuna nyingine? Nikacheka peke yangu.

Altus iko ndani ya Greer ya zamani. Kutoka Vernon unachukua 283, unapanda, unafika kwenye daraja la Red River. Tawi la kusini. Mchanga mwekundu mpana kama uwanja wa mpira, maji yamejikunyata upande mmoja tu, hata ng'ombe wa baba wangevuka bila kulowa tumbo. Kifaa cha kurekodi safari kikalia, ti, umeingia Oklahoma, maili zinaanza kuhesabiwa upya kwa ajili ya kodi ya mafuta ya jimbo. Kibao cha kukaribishwa hiki hapa.

Nikashusha mzigo, wakanipa mwingine wa kuchukua Lawton, kwa hiyo nikatoka kwa barabara ya 62 kwenda mashariki, na huko mbele unavuka tawi la kaskazini. Ule mto wa pili, ambao kwenye ramani yangu ndo mwisho wa Texas, rangi ya waridi inakoma pale.

Nikapunguza mwendo. Mashamba ya pamba kushoto na kulia, milima midogo ya mawe kwa mbele. Daraja la kawaida. Kibao cha jina la mto, basi. Nilikuwa nimeweka ramani kwenye kiti cha pembeni, haijakunjuliwa, ndani ya bahasha maana mtu wa maktaba aliniambia nisithubutu kuipiga seloteipu.

Nikavuka. Kifaa hakikulia.